TV mpya, picha hakuna: antena ya ndani, ya paani, dishi au intaneti kwa mkaaji wa Mombasa

Picha uliyoiona dukani haikutoka hewani. Wale samaki wa rangi na yale maporomoko ya maji yalichezwa kutoka kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni mwa TV, na kazi yake ni kuonyesha uzuri wa skrini tu. Uwezo wa TV hiyo kunasa mawimbi hukuuona kabisa. Ndiyo maana mtu anatoka Mwembe Tayari na inchi 43 kwenye tuktuk, anafika Mikindani, anaitundika ukutani, anachomeka antena ya zamani, halafu anatazamana na skrini nyeusi. Au picha anaipata, lakini inaganda na kukatika vipande vipande kila bodaboda ikipita dirishani.

Ushauri nao hauchelewi. Shemeji anasema nunua busta, kile kikuza-mawimbi. Jirani wa ghorofa ya juu anasema weka dishi, yaishe. Kijana wa nyumbani anasema antena ni mambo ya wazee, lipia waifai. Wote wana haki, kila mmoja kwa nyumba yake.

Msimamo wangu nautanguliza ili usipoteze muda: kwa nyumba nyingi za Mombasa, pesa ya kwanza iende kwenye antena ya nje na waya mzuri. Busta, dikoda ya pili na dishi vije baadaye, kama vitahitajika. Dishi lina watu wake na intaneti ina watu wake, nitawafikia. Antena ya ndani pia ina watu wake, ila ni wachache mno ukilinganisha na jinsi zinavyouzwa.

Hakikisha kwanza kosa si la TV

Igeuze TV uangalie nyuma. TV nyingi za sasa zina matundu mawili yanayofanana kwa mbali. Moja ni laini, limeandikwa ANT IN au RF IN, na plagi yake huingia kwa kusukumwa. La pili lina nyuzi za kukazia kama parafujo, limeandikwa LNB IN, nalo ni la dishi. Waya wa antena ukikazwa kwenye tundu la dishi, TV itatafuta chaneli hadi alfajiri isipate hata moja. Na kwa kuwa viungio vya kubadilishia plagi vinauzwa kila kona, kosa hilo ni rahisi kulifanya kuliko unavyodhani.

Ukishaingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli, TV itauliza unatumia nini: Antenna, Cable au Satellite. Chagua Antenna (nyingine huandika Air). Wengi huchagua Cable kwa sababu, kwa akili ya kawaida, wameunganisha kwa kebo. Hilo la Cable ni la mifumo ya waya wa kulipia, na masafa yake yamepangwa vingine. TV ikiuliza nchi na Kenya haimo kwenye orodha, jaribu nchi mbili tatu tofauti kabla ya kukata tamaa.

Maandishi "No Signal" nayo yana maana mbili. Ukiwa kwenye HDMI 1 na dikoda imechomekwa HDMI 2, utayaona hayo hayo hata kama juu ya paa mambo ni shwari. Bonyeza kitufe cha Source kwenye rimoti, pitia matundu yote, ndipo uanze kulaumu antena.

Kipimo kinachosaidia kuliko vyote kimefichwa ndani ya menyu: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, mistari miwili iliyo pamoja. Ikiwa yote miwili iko chini, tatizo ni antena au waya. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yanafika lakini yamechafuka: yanagonga ukuta wa ghorofa jirani na kurudi, au busta imezidisha, au kiungio kimeoza. Fundi anayepanda juu bila kukuuliza mistari hiyo inasemaje anabahatisha.

Tazama pia ni chaneli zipi zilizopotea pamoja. Mawimbi ya dijitali husafiri kwa mafungu, chaneli nyingi kwenye masafa mamoja. KBC husafirishwa na Signet, kampuni yake yenyewe. Citizen, NTV na KTN zilianzisha mtandao wao wa pamoja, ADN, wakati wa kuhamia dijitali mwaka 2015. Kwa hivyo zikipotea hizo tatu kwa mpigo na KBC ikabaki safi, TV yako ni nzima. Fungu moja tu halikufikii vizuri, na mara nyingi kugeuza antena kidogo kunatosha.

King'amuzi cha ndani ya TV au boksi la pembeni

Kenya ilianza majaribio ya dijitali mwaka 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na huo ndio uliopo hewani. Herufi na tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kila kitu. TV yenye DVB-T peke yake haiwezi kusoma T2, hata iwe ghali kiasi gani.

Mji wetu una bandari, na bandari huleta kila aina. TV iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia mfumo wa ATSC, ya Japani hutumia ISDB-T, na zote mbili ni kiziwi kwa mawimbi ya Kenya. Zinazotoka Uingereza zikiwa zimetumika, ambazo watu huzipenda kwa uimara, zinahitaji macho zaidi: za zamani zilizoandikwa HD Ready kwa kawaida zina DVB-T tu, na T2 ilianza kuingia kwenye TV za huko kuanzia 2010 hivi, zile zenye nembo ya Freeview HD. Ukishika TV ya Marekani au Japani, soma pia kibandiko cha nyuma kuhusu umeme. Ikisema volti 100 hadi 240, sawa. Ikisema 100 au 120 peke yake, usiichomeke ukutani kwetu.

TV ikiwa na DVB-T2 ndani, itumie. Rimoti moja, waya mmoja, hakuna boksi la kupata moto kwenye kabati. Ikiwa haina, boksi la chaneli za bure hutatua tatizo kwa sehemu ndogo ya bei ya TV, na hakuna sababu ya kuuza TV nzuri kwa hasara. Liunganishe kwa HDMI. Waya ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, huleta picha hafifu ambayo kwenye inchi 50 inaonekana kama hitilafu ya mawimbi, na wapo waliobadilisha antena kwa ajili ya kosa la waya huo.

Boksi lina faida moja ambayo wauzaji hawaitaji: mengi hutumia volti 12, kwa hivyo ukiwa na sola ndogo na TV ya volti 12, kukatika kwa stima hakukukatizii taarifa ya saa moja.

Vipi GOtv na StarTimes za antena? Hapa watu wengi hujichanganya. Dikoda hizo hutumia mawimbi ya mnara wa matangazo ya TV, kwa antena ileile. Ikiwa antena yako haifai kwa KBC, huenda isifae kwa hizo pia. Unazilipia kwa ajili ya chaneli za ziada, wala hazina dawa ya mawimbi mabovu. TV yako inaweza kuzinasa chaneli hizo wakati wa kutafuta na kuziorodhesha, lakini ukizifungua utaambiwa zimefungwa. TV haijaharibika, zinahitaji dikoda ya kampuni yenyewe na malipo.

Ya ndani au ya paani: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Antena ya ndani inavutia kwa sababu haina kazi. Unaitoa kwenye pakiti, unaibandika karibu na dirisha, basi. Ikiwa unakaa ghorofa ya nne Tudor au Nyali, dirisha linatazama upande wa mnara, na hakuna jengo katikati, inaweza kukutosha kabisa. Isogeze kwenye kioo, iondoe nyuma ya TV (watu huiweka hapo ili isionekane, na hapo ndipo penye kelele nyingi za umeme wa TV yenyewe), kisha utafute chaneli upya. Ikiwa ni ile yenye busta ndani yake, kumbuka inahitaji umeme wa volti 5, ama kwa waya wa USB ama kwa kuwasha sehemu ya umeme wa antena kwenye menyu. Bila umeme huo, busta iliyomo inazuia badala ya kukuza.

Sasa ondoka kwenye hiyo ghorofa. Ndani ya nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, antena ya ndani haina lake. Chini ya paa la mabati, hali kadhalika, kwa sababu bati ni ngao. Kwenye fleti ya chini iliyozungukwa na majengo, mawimbi hufika yakiwa yamegonga kuta tatu, na picha huwa nzuri ukisimama pale, ikaganda ukikaa. Namba za maili 200 au 300 zilizoandikwa kwenye pakiti usizisome hata. Dunia ni mviringo, na mawimbi haya husafiri karibu mstari ulionyooka. Mnara ulio mbali hivyo uko chini ya upeo wa macho.

Antena ya nje, ile ya vijiti vingi kwenye mhimili mmoja, hushinda kwa mambo mawili: iko juu, na inasikiliza upande mmoja tu. Upande wenye vijiti vifupi ndio wa mbele, uelekezwe mnarani. Nimeona nyingi zikiwa zimefungwa kinyume, mgongo mnarani, na mwenyewe analalamikia TV. Huna haja ya dira: tazama antena za majirani wenye picha nzuri zinaelekea wapi, na kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, ufuate hivyo hivyo.

Kisha waya. Kebo nzuri aina ya RG6, kwa masafa ya TV, hupoteza kama desibeli 16 kwa mita 100 (kila desibeli 3 zikipotea, nguvu hubaki nusu). Kwa lugha ya nyumbani, mita 20 tu, kutoka paani hadi sebuleni kwa nyumba ya ghorofa moja, zinakula nusu ya nguvu ya mawimbi. Ukiongeza kigawanyio cha TV nne ili vyumba vyote vipate, unapoteza desibeli nyingine 7 hivi. Jumla inakaribia 10, maana yake kinachofika kwenye TV yako ni sehemu moja ya kumi ya kilichonaswa juu. Waya mwembamba wa bei rahisi ni mbaya zaidi ya hapo. Ndiyo sababu mtu mwenye TV moja hana haja ya kigawanyio kilichoachwa na mpangaji aliyetangulia. Kiondoe, unganisha moja kwa moja.

Busta inafaa lini? Inapokuwa juu, karibu na antena, kabla ya waya mrefu na vigawanyio, ili ikuze mawimbi yakiwa bado safi. Ikiwekwa nyuma ya TV inakuza kila kitu pamoja na uchafu uliokwisha kuingia njiani. Na kama uko karibu na mnara, au karibu na minara ya simu inayorusha 4G kwenye masafa yanayopakana na ya TV, busta inaweza kuzidiwa na kuharibu picha iliyokuwa nzuri. Jaribu kuiondoa kwanza kabla ya kununua kubwa zaidi.

Lakini hapa Pwani adui mkubwa ni chumvi. Nilimwona fundi mmoja Tudor akifungua kiungio cha waya kilichokaa juu ya paa misimu kadhaa ya kusi. Kofia ya chuma ilikuwa imepigwa kutu, ndani yake kuna unga wa kijani. Ile foili ya alumini inayouzunguka waya ilikuwa imegeuka vumbi jeupe, na uzi wa shaba wa katikati, ambao ndio unaobeba mawimbi, ulikuwa mweusi ukavunjika alipougusa kwa ukucha. Akakata shibiri moja ya waya, bado mweusi. Akakata nyingine, bado. Maji ya chumvi yalikuwa yameshuka ndani ya waya kama utambi unavyonyonya mafuta. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshanunua busta mbili, akauliza kutoka chini:

"Mwanangu, kwa hivyo hizi busta zangu?"

"Zirudishe dukani, mama, kama watazipokea. Haziwezi kukuza kisichofika."

Waya wote ulibadilishwa, antena ileile ikabaki.

Kwa hivyo ukilipa fundi, simamia mambo haya kuliko jina la antena: kiungio kiwe cha kubana au cha kukaza vizuri, kisiwe uzi uliosokotwa na kufungwa gundi ya umeme. Kifunikwe kwa raba au utepe wa kuzuia maji. Waya uachwe na kitanzi kidogo kinachoning'inia kabla ya kuingia ndani, ili mvua idondoke hapo isifuate waya hadi kwenye TV. Mlingoti ukazwe sawasawa, maana kusi inavuma miezi mingi na nyuzi chache za kugeuka zinatosha kukupotezea fungu zima la chaneli. Na mlingoti ukae mbali na nyaya za stima, umbali ambao hata ukianguka hauzigusi. Hilo halina mjadala.

Dishi

Dishi halijali mnara uko wapi wala ghorofa ya jirani ina urefu gani. Linajali anga tu. Na anga ya Mombasa ina jambo lake ambalo wanunuzi hawaambiwi.

Mji huu uko karibu nyuzi 39.7 mashariki, na nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Setilaiti ya DStv kwa ukanda wetu iko nyuzi 36 mashariki, kwa hivyo kwetu iko karibu utosini: zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho, ikiegemea kidogo kaskazini-magharibi. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, na kutoka hapa dishi lake hutazama karibu magharibi kabisa, likiinuka nyuzi kama 52.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kwa mkaaji wa fleti. Dishi la DStv haliwezi kufanya kazi ndani ya baraza yenye zege la ghorofa ya juu, kwa kuwa linataka kuona moja kwa moja juu. Lazima lipande paani au litoke nje kwa mkono mrefu wa chuma. La Azam laweza kukaa kwenye baraza inayotazama magharibi, mradi zege lisizibe. Kinyume chake, kwenye ua mwembamba uliobanwa na nyumba pande zote, la DStv litafurahi na la Azam litagonga ukuta wa jirani. Mwembe au mnazi uliojiinamia juu ya dishi una madhara yaleyale, na mti hukua: picha iliyokuwa safi wakati wa kufungiwa inaweza kuanza kukatika baadaye bila mtu kugusa chochote.

Mvua ni suala la pili. Setilaiti hizi hutumia masafa ya juu ambayo matone makubwa huyanyonya, na katika mvua ya masika picha huweza kupotea kwa dakika kadhaa. Dishi la sentimita 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya la sentimita 60, na tofauti hiyo utaiona siku ya mvua, si siku ya jua. Antena ya kawaida haina tatizo hili. Mvua ikikukatia antena, angalia viungio, maji yameingia. Kuna pia jambo dogo la kustaajabisha: karibu na tarehe 20 hivi ya Machi na ya Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na picha huweza kukatika dakika chache mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Usimwite fundi. Itapita.

Lile tundu la LNB nyuma ya TV yako mpya halina maana kwamba utaona DStv au Azam bila dikoda. Litanasa chaneli za setilaiti zilizo wazi, basi. Zilizofungwa zinataka boksi la kampuni na malipo.

Nani basi alichague dishi? Anayetaka mechi za Ligi Kuu ya England kupitia SuperSport, au Simba na Yanga kupitia Azam, na yuko tayari kulipa kila mwezi. Na aliye mahali ambapo mawimbi ya mnara hayafiki hata kwa antena ya juu. Kwa mtu anayetaka taarifa ya habari na tamthilia za chaneli za humu nchini, dishi ni gharama bila sababu, na kabla ya kulipa aulize kama chaneli hizo zote zimo, na kama zinabaki wazi malipo yakiisha.

Intaneti

Mombasa ndipo nyaya za baharini za intaneti zinapopanda nchi kavu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy ikafuata 2010. Ungedhani basi sisi ndio wa kwanza kunufaika. Nyumba yenye faiba ya kuaminika kweli inanufaika: KBC, Citizen, NTV na KTN hurusha matangazo yao moja kwa moja YouTube, na TV janja huyafungua bila antena wala waya wa paani. Hakuna chumvi, hakuna kusi.

Hesabu ndiyo inayotenganisha watu. Video ya kiwango cha HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Familia inayowasha TV saa nne kila jioni itatumia hadi gigabaiti 360 kwa mwezi. Kwa bando za simu hilo ni ndoto, kwa faiba isiyo na kikomo ni kawaida. Kasi ya megabiti 5 kwa sekunde inatosha kwa picha ya HD, lakini iwe 5 zinazofika kwenye TV, chumba cha mwisho, mlango umefungwa. Kuta zilezile za Mji wa Kale zinazozuia antena huzuia pia waifai. Ukiweza, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi TV.

Tena intaneti huchelewa. Mechi ikiwa moja kwa moja, wenye antena na dishi wataona goli kabla yako, na mtaa mzima utakuwa umeshapiga kelele wewe ukiangalia mpira bado katikati ya uwanja. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja baharini, Afrika Mashariki nzima ilikokota. Wenye antena hawakujua kuna tatizo.

Kwangu intaneti ni ya kuongezea juu ya antena, isipokuwa kwa mpangaji wa chumba kimoja ambaye tayari analipia faiba na mwenye nyumba hamruhusu kupanda paani. Huyo asihangaike, atumie hiyo hiyo.

Kulingana na nyumba

Mji wa Kale: antena ya nje juu ya paa, waya mpya. Eneo hilo limehifadhiwa, kwa hivyo uliza kabla ya kutoboa ukuta wa mbele, na kama paa lako ni la chini kuliko nyumba zilizokuzunguka, zungumza na jirani mwenye paa la juu mkatumia mlingoti mmoja.

Fleti za Nyali, Bamburi au Kizingo: uliza kwanza kama jengo lina antena ya pamoja. Likiwa nayo na picha ni mbovu, shida huwa kwenye vigawanyio vya ngazini, na ni ya kutatuliwa na msimamizi wa jengo kwa wapangaji wote, si wewe peke yako kununua busta. Likiwa halina, jaribu ya ndani dirishani, kwa makubaliano na muuzaji kwamba utairudisha isipofaa.

Nyumba za kujitegemea Likoni, Mtongwe, Kisauni, Jomvu: antena ya nje, mlingoti mrefu unaopita minazi. Hapa ndipo inapong'ara kuliko zote.

Anayehama mara kwa mara: nunua boksi na antena unazoweza kufungua na kuondoka nazo. Waya waachie nyumba, wa kuhamisha huwa umeshazeeka.

Kabla ya kumlipa fundi aliyeshuka paani, kaa naye sebuleni mfungue chaneli moja ya kila fungu, si ile anayokuonyesha yeye tu, na mtazame mistari ya nguvu na ubora. Kama ubora unaruka juu na chini, bado hajamaliza. Na ukitaka kujua kama kosa ni la TV yenyewe, azima kwa jirani dikoda inayotumia antena, jioni moja, uichomeke kwenye waya wako uleule. Ikipata chaneli zote na TV yako, iliyopangwa sawasawa na yenye DVB-T2 kwenye karatasi, isipate, basi irudishe dukani pamoja na risiti na kadi ya dhamana, na safari hii mwambie muuzaji atoe ile flashi, aichomeke antena, mtafute chaneli papo hapo mbele yako.